FIZIKIA HAINA KAZI? MUULIZENI BRODY



Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilisema kwamba anayechagua fizikia huchagua mambo mawili tu: kushika chaki au kukaa bure. Upinzani ulishindwa, tena vibaya mno. Mimi nilikuwa nimeinua mkono, lakini kengele ya chakula ikalia, na nani angesikiliza hoja huku maharagwe yanapoa? Basi naomba nafasi hapa.

Kosa la wapinzani, kwa maoni yangu, ni kwamba walituletea Newton na Einstein. Jamani! Ukimwambia mzazi anayelipa karo kwa jasho kwamba mwanawe atakuwa Einstein, atakucheka. Ulizeni kazi ya kawaida ya mwanafizikia, ile ya kuingia asubuhi na kutoka jioni, ya kuwa na mkubwa wako na mshahara wako. Kazi hiyo ipo, na matunda yake mnayatazama kila siku. Nasema juu ya vioo vya televisheni, vya tarakilishi na vya simu za wazazi wetu. (Za wazazi, nimesema. Sheria ya shule tunaijua.)

Kuna mtu anaitwa Peter Brody. Alizaliwa Budapest, nchini Hungaria, mwaka wa 1920, akapata shahada ya uzamifu ya fizikia London, na mwaka wa 1959 akaajiriwa na kampuni ya Westinghouse mjini Pittsburgh, Marekani. Wakati huo televisheni ilikuwa sanduku kubwa lenye mgongo mrefu kama wa ng'ombe, kwa sababu picha ilichorwa na miali ya elektroni ndani ya chupa nzito ya kioo. Brody alitaka televisheni nyembamba ya kutundikwa ukutani kama kalenda.

Njia yenyewe ilikuwa imeanza kuonekana. Kuna vimiminika vya ajabu ambavyo hutiririka kama mafuta, lakini molekuli zake, zilizo na umbo la vijiti, hujipanga kwa utaratibu kama katika fuwele. Mwaka wa 1968 kampuni ya RCA ilitangaza kwamba kundi la George Heilmeier limeonyesha tarakimu na picha kwa kutumia kimiminika hicho. Mwaka wa 1970, Wolfgang Helfrich na Martin Schadt, wote wanafizikia, walipata njia bora zaidi wakiwa Basel, Uswisi. Walikuwa wameajiriwa na Hoffmann-La Roche, na hiyo ni kampuni ya dawa! Nani kati yenu angemtafuta mwanafizikia kwa watu wa vidonge?

Njia yao ni hii. Mwanga hupita katika kichujio cha kwanza, kisha katika kimiminika ambacho vijiti vyake vimejisokota robo mzunguko kama ngazi ya kuzunguka. Mwanga nao huusokota mwendo wake, ukatoka katika kichujio cha pili. Ukitia umeme kidogo tu, vijiti husimama wima, mwanga hausokotwi tena, na kichujio cha pili huuzuia. Hapo panakuwa peusi. Ndivyo kikokotoo chako kinavyoandika 8.

Lakini tarakimu nane ni jambo dogo. Picha inahitaji maelfu ya nukta, na huwezi kuipelekea kila nukta waya wake. Ukizipanga kwa safu za kulala na za kusimama zikashiriki nyaya, umeme wa nukta moja huwagusa majirani, na kadiri safu zinavyozidi, picha huzidi kufifia. Ama kweli hapo wengi walikwama.

Jibu la Brody na wenzake lilikuwa kuipa kila nukta mlinzi wake, yaani transista nyembamba iliyopakwa juu ya kioo chenyewe, ifungue mlango zamu ya nukta ikifika na kuufunga baadaye ili umeme ubaki ndani. Mwaka wa 1972 walipata kioo cha inchi 6 kwa inchi 6, chenye mistari 20 kwa kila inchi. Pigeni hesabu: nukta 120 mara 120, yaani 14,400. Wengi waliiona kazi ya wazimu. Leo kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080, na kila nukta ina sehemu tatu za rangi, kina walinzi zaidi ya milioni 6.

Mnadhani kampuni ilimchinjia fahali? La hasha! Mwaka wa 1979 iliufunga mradi, Brody akaondoka. Mwaka wa 1981, akiwa amefikisha miaka 60, umri ambao wengi hustaafu na kurudi shambani, alianzisha kampuni yake, Panelvision. Nayo haikudumu mikononi mwake. Wajapani ndio waliovuna. Mwaka wa 1988 Sharp walionyesha kioo cha rangi cha inchi 14 cha aina hiyo, kwa transista za silikoni ambazo Spear na LeComber walikuwa wamezifanyia kazi katika chuo kikuu cha Dundee, Uskoti. Tuzo ya Draper ilipotolewa mwaka wa 2012 kwa Heilmeier, Helfrich, Schadt na Brody, Brody alikuwa amekwisha kufariki mwaka wa 2011.

Najua mtakavyosema: "Si unaona? Fizikia ni hasara!" Ngojeni kidogo. Mtu huyu alilipwa miaka 20 kufanya alichokipenda, na alipofukuziwa mradi hakufukuzwa elimu. Alitoka nayo kichwani. Kilichomwangusha ni wenye fedha kukosa subira, na hilo humpata hata muuza mitumba. Ninachowalaumu wenzangu ni kutaka kazi iliyoandikwa mlangoni: daktari, wakili, rubani. Siku ya ushauri wa kazi wageni ni walewale kila mwaka. Kwa nini asialikwe fundi wa simu wa pale sokoni, ambaye hubadilisha vioo vitano kabla ya saa sita? Yeye na Brody wana mengi ya kuzungumza kuliko yeye na wakili.

Nina ombi kwa mwalimu wa fizikia na mwalimu mlezi wa chama hiki. Tupeni alasiri moja katika maabara. Tubandue polepole karatasi ng'avu ya juu kwenye kikokotoo: tarakimu zitatoweka, ingawa zipo. Tuiweke karatasi hiyo mbele ya jicho, zitarudi. Tuizungushe robo mzunguko, nyeusi itakuwa nyeupe na nyeupe nyeusi. Sisi wa Kiswahili tutaeleza kinachotokea kwa Kiswahili, na wale walioshinda mjadala wakae mstari wa mbele. Vikokotoo vibovu vyenye betri nzima vinatakiwa vinne. Changu, chenye kitufe cha kujumlisha kilichokufa, nimekwisha kumkabidhi katibu.