Umemaliza matibabu ya kansa ya titi? Usikae peke yako

Mwezi uliopita ukurasa huu ulikuwa wa wanafunzi na daftari zao. Leo tunawageukia wamama. Sisi ni vijana, na wengi wenu mna umri wa mama zetu, kwa hiyo maneno ya mwili tutayasema kwa heshima. Lakini tutayasema, kwa sababu kunyamaza kumeumiza watu.

Mama mmoja wa darasa letu la jioni, lile la kusoma na kuandika, ndiye aliyetuletea jambo hili. Alipelekwa Mwanza kutibiwa kansa ya titi, akapasuliwa, akapewa dawa za dripu na mionzi, akarudi. Watu walimpokea wakasema Mungu ashukuriwe. Ametupa ruhusa tuandike swali lake bila jina: "Hospitali sikulia hata siku moja. Sasa nimerudi kwangu, wanasema nimepona, mbona ndiyo nalia kila usiku?"

Tulimpelekea muuguzi swali hilo. Tukawauliza pia wamama wawili waliopita njia hiyo zamani kidogo. Haya ndiyo tuliyoyakusanya.

KWA NINI MACHOZI HUJA MWISHONI

Wakati wa matibabu mgonjwa ana watu. Leo anatundikiwa dripu, kesho anapimwa damu, wiki ijayo anaitwa kwenye mionzi. Kitanda cha jirani kina mama mwenye kitambaa kichwani kama yeye. Mawazo yote yako kwenye siku ya leo: nitatapika? Nitaweza kula? Halafu siku moja inaisha. Anapewa karatasi, anaambiwa tarehe ya kurudi kupimwa, anapanda basi. Akifika kambini anakuta nyumba ile ile, ndoo ile ile, moshi ule ule wa kuni, na watu wote wanaona kesi imefungwa. Hapo sasa moyo unapata nafasi ya kusema yale uliyoyanyamazia. Kwa hiyo machozi hayo si wazimu, wala si kukosa shukrani kwa Mungu. Muuguzi anasema wengi wanayapitia.

Mwili nao haujamaliza. Uchovu wa dawa za kansa na mionzi siyo uvivu. Unaweza kukaa miezi mingi baada ya dawa ya mwisho, na usingizi hauuondoi wote. Nywele huanza kurudi wiki chache hadi miezi michache baada ya dripu kuisha, na mara nyingine zinarudi za namna nyingine. Kama tezi za kwapani ziliondolewa, mkono wa upande ule unaweza kuvimba, hata baada ya mwaka au miaka.

Wengine wanapewa vidonge vya tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka 5, na wengine hadi 10. Kazi yake ni kuzuia homoni ya mwili isiilishe kansa ikarudi. Vidonge hivyo vinaweza kuleta joto la ghafla na kuvuruga hedhi. Tena anayevimeza asishike mimba, maana vinaweza kumdhuru mtoto. Amwombe muuguzi njia ya uzazi wa mpango isiyo na homoni. Sasa fikirieni: mtu ameambiwa amepona, na bado anameza dawa kila siku kwa miaka. Jirani akiona, anaanza kusema eti kuna ugonjwa mwingine anaficha.

MANENO YA MTAANI

Tuyajibu waziwazi. Kansa haiambukizi. Haipiti kwenye sahani, kikombe, kitanda wala choo. Mume hawezi kuipata kwa kulala na mke wake. Mtoto hawezi kuipata kwa kupakatwa. Siyo laana, na siyo adhabu ya dhambi. Wanaume nao hupata kansa ya titi, ingawa ni wachache sana.

Na lile neno la "atakufa tu" tuliache. Kansa ya titi ikikutwa mapema na kutibiwa, watu wengi wanaishi miaka mingi. Wapo hapa hapa kambini, wanapanga foleni ya mgao pamoja nasi, ila hatujui kwa sababu wamejifunika kitenge vizuri.

DAKTARI NA NDUGU WAPO. MWENZAKO WA NINI?

Daktari anajua ugonjwa. Ndugu anakupenda. Lakini kuna maswali ambayo hutaki kumpotezea daktari muda kwayo, na kuna hofu ambazo huwezi kumwambia mtoto wako asije akaogopa. Hayo yanamhitaji mtu aliyepita.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1952 huko New York, Marekani, mama mmoja jina lake Terese Lasser alikatwa titi. Alipotaka kujua atavaaje, mkono atauinuaje, ataishije na mume wake, hakupata mtu wa kumjibu. Basi alipopata nguvu akaanza yeye mwenyewe kutembelea wamama wengine hospitali. Madaktari wengine hawakupenda, wakaona anaingilia kazi yao. Hakuacha. Alikuwa anawapelekea mfuko mdogo: titi la muda la kuweka ndani ya sidiria, mpira na kamba vya kufanyia mazoezi ya mkono, na kijitabu. Kazi yake iliitwa Reach to Recovery. Mwaka 1969 shirika la kansa la Marekani, American Cancer Society, likaichukua, na baadaye ikafika nchi nyingi.

Hata karibu na sisi limefika. Huko Uganda, mwaka 2004, wamama waliougua kansa ya titi walianzisha umoja wao, UWOCASO, wakawa wanawatembelea wagonjwa na kufundisha watu kujichunguza mapema. Hawakuwa madaktari. Walikuwa watu waliopita.

HAPA KWETU

Yule mama wa darasa letu alipatanishwa na bibi mmoja wa kijiji kingine aliyepasuliwa miaka tisa iliyopita. Siku ya kwanza walikaa nyuma ya nyumba wakichambua sombe, na kwa muda mrefu hawakuongea habari ya ugonjwa. Halafu bibi akasema: "Mwanangu, mwaka wa kwanza kila kilichoniuma nilijua ndiyo imerudi. Hata jino." Wakacheka wote wawili. Yule mama anasema ndiyo mara ya kwanza alicheka juu ya kansa.

Bibi alimwonyesha mazoezi ya kupandisha vidole ukutani polepole kama mdudu anayetambaa, kila siku juu kidogo kuliko jana. Alimwonyesha titi la kitambaa alilojishonea: kitenge cha zamani, pamba, na mtama kidogo ndani kwa ajili ya uzito, ili sidiria isipande upande mmoja. Kila baada ya muda mtama unabadilishwa na kitambaa kinafuliwa.

Halafu wakafika kwenye neno zito. Mama alisema mume wake tangu arudi analala mkekani. Bibi akamwambia: "Wangu pia. Mimi nilifikiri ananichukia, kumbe anaogopa kuniumiza. Tulikaa miezi minne bila kuulizana. Wewe muulize." Mama akamuuliza mume wake. Jibu lake hatuliandiki, ni la nyumba yao. Lakini daktari asingepata nafasi ya kusema neno hilo, na dada yake asingethubutu.

JINSI YA KUMPATA

Usianze kwa kuuliza mtaani nani ana kansa. Siri ya mtu ni yake. Mwambie muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji chako: natafuta mwenzangu aliyetibiwa kama mimi. Yeye atamuuliza yule mwingine kwanza, faragha. Akikubali, mtakutanishwa. Akikataa, hutajua jina lake, na hakuna wa kulaumiwa.

Kama hapatikani aliyeugua kansa ya titi, aliyeugua kansa nyingine anaweza kukufaa, hasa kwa mambo ya uchovu, nywele na hofu. Kutaneni mahali penu, siyo lazima hospitali. Wengine wanapendelea kukutana wakiwa na kazi mikononi, kushona au kuchambua mboga, kwa sababu maneno magumu yanatoka vizuri mikono ikiwa na shughuli.

KAMA WEWE NDIYE UNAYETAFUTWA

Kwanza, sikiliza kuliko kusema. Kansa yako na yake si moja. Usimwambie "mimi dawa ile haikunisumbua, wewe mbona?"

Pili, yanayosemwa hapo yabaki hapo. Usiyapeleke bombani.

Tatu, usimbadilishie dawa. Ukimwambia aache vidonge akanywe mizizi, umemchukulia maisha yake mkononi. Kama dawa inamsumbua, mwende wote wawili kwa muuguzi. Kumsindikiza ndiyo msaada mkubwa.

Nne, kama humwezi siku hiyo, sema. Kumsikiliza mwingine kunaweza kuamsha maumivu yako. Pumzika, utarudi.

Tano, jua mpaka wako. Akisema hataki kuishi, au amekaa siku nyingi bila kula wala kulala, usibaki na siri hiyo peke yako. Mpeleke kwa wahudumu wa afya siku hiyo hiyo.

MKONO NA DALILI

Mkono wa upande uliopasuliwa uutunze. Ukijikata kwa kisu au panga, osha kwa sabuni na maji safi, funika. Ukienda kuchomwa sindano au kupimwa presha, omba mkono mwingine kama inawezekana. Dumu la lita 20 lisubiri mpaka muuguzi aruhusu. Anza na kidogo, ongeza polepole. Kuutumia mkono ni vizuri, kuulaza kabisa siyo dawa. Ukiwa mwekundu, wa moto, unauma na una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nenda pia ukisikia uvimbe mpya kwenye kovu, kwapani au titi la pili, maumivu ya mifupa yasiyoisha, kubanwa pumzi, au kichwa kuuma kila siku. Siyo lazima iwe kansa. Lakini nenda.

WANAOHAMA

Kuna jambo moja ambalo huko New York hawakuwa nalo kama sisi. Kambini watu hawakai. Huyu anaitwa safari ya ng'ambo, huyu anarudi nyumbani, mwingine anahamishwa. Umempata mwenzako leo, kesho anapanda basi. Tumeona vikundi vikifa siku mtu aliyeshika daftari alipoondoka.

Kwa hiyo msiwe wawili tu kama mnaweza. Wakiwa watatu au wanne, mmoja akiondoka kamba haikatiki. Anayehama aache namba ya simu au njia ya kumpata, na kabla hajaondoka ampeleke mwenzake kwa mwingine, wasalimiane kwa macho.

Na wewe unayehama, karatasi zako za hospitali zisikae kwenye gunia la vyombo. Weka pamoja kwenye mfuko wa nailoni: karatasi ya upasuaji, majibu ya kipimo, majina ya dawa na tarehe zake. Mweleze mhudumu wa afya mapema kwamba unameza vidonge, ili upewe vya kukufikisha. Huko uendako daktari hakujui, karatasi ndiyo itakusemea. Kama kusoma bado kunakusumbua, zilete darasani jioni. Tutakusomea pembeni, na hatutamwambia mtu.

KAZI YA MWEZI HUU

Walimu hatuwezi kumaliza bila kazi ya nyumbani. Wababa: mke wako akiwa amerudi kutoka matibabu, muulize neno moja, "unaogopa nini?", kisha unyamaze usikilize. Watoto wakubwa: chukueni ndoo ya maji bila kusubiri kutumwa, na siku ya mgao mmoja asimame kwenye foleni badala ya mama. Majirani: mkaribisheni chakula, mle naye sahani moja, watu waone.

Na wewe mama uliyepona miaka iliyopita na hujawahi kumwambia mtu, hatukulazimishi. Lakini yupo aliyerudi juzi na anadhani yuko peke yake katika kambi hii yote. Ukimpa muuguzi neno moja tu, kwamba uko tayari, umemwinua.

Mwenye swali alilete darasani au alitume kwa mtoto wake kwenye karatasi iliyokunjwa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya watoto wanaoacha shule kwa ajili ya kuwatunza wadogo zao. Mbaki salama.

Walimu wenu wa kujitolea, darasa la jioni