Kompyuta Vyuoni na Saa za Mhadhiri

Inapozungumzwa habari ya kompyuta katika vyuo vyetu vikuu, jambo la kwanza kuulizwa ni idadi. Chuo kina mashine ngapi? Mkonga umefika au haujafika? Maswali hayo ni ya haki, kwani fedha za umma hazina budi kuulizwa zilikokwenda. Lakini lipo swali jengine ambalo sisi tunaliona kubwa zaidi, nalo huulizwa kwa nadra. Mwanafunzi aliyekosea hesabu yake leo, ataambiwa lini kosa lake, na nani atakayemwambia?

Swali hilo si geni. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, Donald Bitzer na wenzake waliunda mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO. Mwanafunzi aliketi mbele ya kioo, akapewa swali, akajibu, na papo hapo akajulishwa kama amepata au amekosa. Aliyekosa hakusukumwa mbele kwa ajili ya kuwakimbilia wenzake. Alijaribu tena kwa mwendo wake mwenyewe. Miaka ya sabini mtambo huo ulikuwa umekwisha kuenea kwa mamia ya vituo. Linalotupendeza sisi katika habari hiyo ni kwamba ilibuniwa lugha maalumu ya kompyuta, ikaitwa TUTOR, ili mwalimu asiyekuwa fundi wa mitambo aweze kuandika masomo yake mwenyewe. Waasisi wale walitambua mapema kwamba kioo hakina la kusema mpaka mwalimu akipe maneno.

Leo chombo chenyewe ni rahisi kupatikana. Programu ya Moodle, ambayo hutumiwa na vyuo vingi duniani, vya Tanzania vikiwamo, ilitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, mtu ambaye utotoni alisomeshwa kwa redio kwa sababu kwao kulikuwa jangwani, mbali na skuli. Haitozi ada ya leseni. Ndani yake mna mazoezi yanayojisahihisha, mna baraza la majadiliano, na mhadhiri anaweza kuona ni nani hajafungua somo kwa muda wa wiki mbili, akamwita kabla ya mtihani badala ya kumhuzunikia baada yake. Pamoja na hayo, chombo hiki chaweza kugeuzwa kabati la kutupia maandiko yale yale ya miaka iliyopita. Mwanafunzi huyashusha katika simu yake, huyahifadhi, na pengine asiyasome. Chuo kitakachofanya hivyo kitakuwa kimebadilisha mashine ya kutolea nakala tu.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu wahadhiri. Swali moja zuri la mazoezi, lenye maelezo kwa kila jibu la makosa, laweza kumla mtu saa nzima. Kozi yenye maswali mia basi ni saa mia, nazo hazionekani katika ratiba ya vipindi. Mhadhiri mwenye darasa lililojaa, na madaftari ya kusahihisha mezani, atazitoa wapi? Ikiwa saa hizo hazihesabiwi kuwa ni kazi, wala hazitazamwi wakati wa kupandishwa vyeo, basi tusistaajabu kwamba kabati linajaa maandiko na mazoezi hayapo. Na sasa kwa kuwa zimekuja programu za akili mnemba zenye kuandika insha nzima kwa dakika moja, haja ya mhadhiri kukaa na mwanafunzi na kumwuliza ana kwa ana imezidi.

Sisi watu wa visiwani tuna jambo jengine la kulizingatia. Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, kilichofunguliwa mwaka 1968 na ambacho ni mali ya nchi 12 za visiwa, kilianza katika miaka ya sabini kuwafundisha wanafunzi wake waliotawanyika baharini kwa sauti kupitia setilaiti ya Marekani iliyoitwa ATS-1. Kazi ilikwenda vyema. Mwaka 1985 setilaiti hiyo, ambayo haikuwa yao, ikafikia mwisho wake, na madarasa ya hewani yakapoteza njia yake. Ilipofika mwaka 2000 chuo hicho kilikuwa na mtandao wake chenyewe.

Nasi tunayajua mambo ya namna hiyo. Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya njia iletayo umeme kutoka Bara. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilikatika katika bahari ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Siku kama hizo, somo lililohifadhiwa ng'ambo humpotea mwanafunzi aliyeko Tunguu, na aliyeko Pemba vile vile.

Kwa hiyo tunashauri kila kampasi, ya Unguja na ya Pemba, iwe na seva yake yenye masomo yote, iendeshwe kwa betri na nguvu za jua pale umeme unapokatika, na mwanafunzi aifikie kwa simu yake akiwa chuoni bila ya kununua kifurushi. Gharama yake si kubwa ukilinganisha na chumba kizima cha kompyuta mpya. Vyuo nchini vilipofungwa Machi 2020 na kubaki hivyo hadi Juni, wako wanafunzi waliorudi vijijini kwao wakiwa na simu mkononi na hawana somo la kufungua. Masomo yaliyokwisha andikwa na kuhifadhiwa karibu yangaliweza kunakiliwa na kuchukuliwa nyumbani.

Wakuu wanaohusika na elimu ya juu wanatayarisha makadirio yao kila mwaka. Katika yajayo tungependa kuona, kando ya kifungu cha ununuzi wa mashine, kifungu kingine kinachotaja saa za wahadhiri za kuandika masomo na mazoezi, na jina la kozi ya kwanza itakayokuwa tayari.