Usimwache Mume Aende Peke Yake Kukagua Gari-Nyumba



Msimu wa harusi ukikaribia, bibi harusi wetu huuliza kuhusu hina, mapambo na nguo. Lakini kwa wale walioko Uingereza, au wanaojiandaa kuwafuata waume zao huko, kuna suali jengine linalorudi kila mwaka: badala ya kumaliza fedha kwenye hoteli ya fungate, si bora tununue gari-nyumba iliyotumika, tutembelee kila likizo?

Kwa mlioko Unguja na Pemba ambao hamjaiona, gari-nyumba ni gari yenye vitanda, jiko, friji, choo na bafu dogo ndani yake. Watu wa Uingereza huenda nayo milimani na baharini, wakalala humohumo. Kwa mwanamke wa Kiislamu raha yake iko wazi. Sufuria ni yako, huna wasiwasi na nyama iliyopikwa humo. Ukishavuta pazia unavua mtandio ukakaa ukapumua. Maji ya kutawadha yapo, pa kuswali papo, na hakuna anayekugongea mlango kuja kutandika kitanda. Kwa hiyo sisi tunaliunga mkono wazo hili kwa mikono miwili.

Tusilokubaliana nalo ni namna zinavyonunuliwa. Mume na rafiki yake huondoka Jumapili asubuhi, wakafungua boneti, wakasikiliza injini inavyolia, wakayapiga matairi mateke, wakapatana bei, wakalipa. Bibi harusi anaiona gari siku ya pili ikiwa imeshaegeshwa nje. Na mara nyingi sehemu ya fedha zilizolipwa ni mahari yake.

Tunasema hivi: gari-nyumba ni nyumba kwanza, halafu ndio gari. Nyumba kaguzi wake ni mwanamke. Injini nyingi za gari hizi ni za gari za mizigo za kawaida, kama Fiat Ducato na Peugeot Boxer, ambazo spea zake zipo kila mahali na mafundi wanazijua. Injini ikiharibika, utaumia lakini itatengenezeka. Nyumba iliyooza ndani ya kuta, gharama ya kuitengeneza inaweza kupita bei uliyoinunulia.

Kinachoozesha ni maji. Nyingi ya gari hizi, hasa za zamani, zina fremu ya mbao, nje imebandikwa bati jembamba la alumini au faibagilasi, ndani plaiwudi iliyopambwa kwa karatasi ya ukutani. Kila palipokutana vipande viwili pamezibwa kwa gundi, na gundi hiyo hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda. Mvua ya Uingereza haina haraka. Inaingia tone kwa tone, mbao zinalowa, zinaoza, na karatasi ya ukutani inabaki inang'aa kama siku ya kwanza.

Hapa ndipo mwanamke wa visiwani anapomshinda fundi. Aliyekulia nyumba ya Mji Mkongwe, akapita masika baada ya masika akitoa magodoro juani, anaijua harufu ya uvundo kabla hajamaliza kuvuka kizingiti. Ingia wewe kwanza, madirisha yakiwa yamefungwa, simama, vuta pumzi. Ukikutana na manukato makali kila pembe, jiulize yanafunika nini. Sisi watu wa udi hatuhitaji kufundishwa moshi unavyoweza kufunika harufu nyengine.

Baada ya pua, tumia mkono. Fungua makabati ya juu na upapase kwenye pembe, hasa nyuma kabisa. Nyanyua magodoro yote, angalia ubao wa chini kama una madoa au ukungu. Kitanda kile cha juu ya kichwa cha dereva ndicho cha kutiliwa shaka zaidi, maana pale mbele pana viungo vingi na upepo wa safari unayasukuma maji ndani. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya kila dirisha na kuzunguka madirisha ya darini. Ukuta mzima ni mgumu. Ukibonyea kama mkate, ondoka. Tembea sakafuni polepole bila viatu. Ikinesa, au ikitoa sauti ya kuachana chini ya miguu, safu zake zimeanza kubanduka. Karatasi mpya ya ukutani katika pembe moja tu ya gari kuukuu si urembo, ni suali.

Kisha chukua kipima unyevu. Ni kifaa kidogo cha mkononi, si ghali, unakigusisha ukutani kinakupa asilimia. Kwa kawaida chini ya 15 ni salama, kati ya 15 na 20 pa kuangaliwa, zaidi ya 20 pana tatizo, na ikifika 30 mbao huenda zimeshaharibika. Pima pembe zote, si pale anapokuonyesha muuzaji. Kama unaweza kuchagua siku, nenda siku ya mvua au siku ya pili yake, na usiende usiku.

Hili la unyevu kwetu sisi si geni hata katika dini. Mtume SAW alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji uliofichwa chini. Alimkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Basi mwanamke anayetia mkono nyuma ya kabati la gari anayotaka kuinunua hana utovu wa adabu, wala hamdhanii mtu vibaya. Na siku utakapoiuza wewe, unyevu ulioujua ni juu yako kuusema.

Muuzaji akikwambia maji na gesi havijaribiki kwa sababu ameyamwaga maji kwa ajili ya baridi, usiridhike. Kuyamwaga ni kweli hufanywa, maana maji yakiganda ndani ya mabomba na hita huyapasua. Lakini ndio maana hasa unataka kuona. Mwombe ayajaze kabla hujafika, au mkubaliane siku nyengine. Unataka kuona maji ya moto yakitoka bombani kwa macho yako, vyombo vikiosheka, choo kikisukuma maji, na pampu inanyamaza ukifunga bomba. Pampu inayoendelea kulia peke yake inakwambia pana pahali panavuja.

Friji nazo zina mambo yake. Nyingi za ndani ya gari hizi hufanya kazi kwa gesi, kwa umeme wa kambini na kwa betri ya gari, na zinachukua saa kadhaa kupoa. Mwambie muuzaji aiwashe tangu usiku. Injini kinyume chake: mwambie asiiwashe kabisa mpaka mfike, na mkifika mume aguse boneti. Ikiwa ya moto, kuna ambaye hakutaka muisikie inavyoamka ikiwa baridi. Mpira wa gesi huwa umechapishwa tarehe, usome. Na kama hakuna king'ora cha hewa ya kaboni monoksaidi, huo utakuwa ununuzi wenu wa mwanzo kabla ya mapazia. Watu hufa usingizini kwa hewa ile, na haina harufu.

Sasa hesabu mikanda, usihesabu vitanda. Utaona tangazo linasema gari ya watu sita, ukiingia vitanda sita kweli vipo, lakini mikanda ya usalama ni miwili tu, ya dereva na wa pembeni yake. Viti vya ubavuni vya sebuleni si vya kusafiria, na kiti cha mtoto hakifungwi hapo. Bibi harusi wa leo mwakani huenda, in shaa Allah, ana mtoto. Gari inayotosha watu wawili tu kwa safari mtalazimika kuiuza mapema, na mkiuza kwa haraka mtapata hasara.

Jengine linalosahaulika ni uzito. Aliyefaulu mtihani wa gari ndogo Uingereza kuanzia tarehe 1 Januari 1997, leseni yake kwa gari ya dizeli au petroli huishia kilo 3,500, na hizo ni pamoja na kila kitu kilichopakiwa. Wengi wetu tumo humo. Dada aliyekuja na leseni ya Tanzania anaruhusiwa kuendesha kwa miezi 12 tangu alipokuwa mkaazi, kisha hana budi kupata ya huko. Basi tazama kibati cha uzito cha gari yenyewe, na uulize inabaki nafasi ya kilo ngapi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100 kabla hujatia sufuria ya biriani, godoro la ziada na masanduku ya mama mkwe. Iliyobakiwa na kilo 250 tu si ya familia, hata ingekuwa nzuri vipi.

Wanaokaa London wana hesabu nyengine. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ limeenea mitaa yote ya jiji. Gari-nyumba ya dizeli ya hadi tani 3.5 isiyofikia kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kwa kila siku inayotembea humo. Nyingi za bei nafuu, zilizosajiliwa kabla ya 2016, hazifikii. Unafuu wa bei unakuja kuliwa kidogo kidogo mlangoni kwako.

Upande wa gari tutaupita haraka, maana huo mafundi wanaujua. Gari hizi hukaa zaidi kuliko zinavyotembea, kwa hiyo maili chache si sifa peke yake. Matairi huchakaa kwa umri hata mistari ikiwa mizima: ubavuni pana tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Belti ya taimingi nayo hubadilishwa kwa umri na si kwa maili tu, na "imebadilishwa" bila ya risiti tuihesabu haijabadilishwa.

Kuhusu karatasi. Cheti cha MOT kinaangalia breki, taa, matairi na bodi ya chini, lakini hakisemi chochote juu ya unyevu wala friji, kwa hiyo muuzaji asikutulize nacho. Kizuri chake ni kwamba historia yake inaangaliwa bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya gari tu, na utaona maili za kila mwaka na kasoro zilizoandikwa. Lipia pia ukaguzi wa historia unaoonyesha kama gari ina deni, iliibiwa au iliwahi kufutwa na bima. Gari yenye deni la mtu mwengine inaweza kuchukuliwa mikononi mwako, na riba uliyoikimbia wewe ikakufuata kupitia kwake. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kuirejesha ikiwa na kasoro. Ukinunua kwa mtu binafsi huna siku hizo. Kwake, kinachokulinda zaidi ni yale aliyoyaeleza kuhusu gari, basi weka tangazo lake na ujumbe mlioandikiana.

Kisha usimalize fedha zote kwenye bei. Mwenye pauni 15,000 atafute ya 12,500. Bima, matairi, betri ya sebuleni na mpira wa gesi vinakungoja.

Waume wengine wataona tabu mke kuja kupekua makabati mbele ya watu. Zungumzeni nyumbani kabla. Mkubaliane kuwa ukikuta unyevu hutabishana pale mbele ya muuzaji, utasema tu "tutakupigia kesho", naye ataelewa. Akienda mwenyewe kutazama injini na wewe ukatazama nyumba, hapana aliyeshushwa.

Mwisho ni jina. Mahari ni mali ya mke peke yake, Suratun Nisaa imelisema hilo mwanzoni kabisa. Ukitaka kuichangia kwenye gari kwa ridhaa yako, ni haki yako, na ukitaka kutoichangia, pia ni haki yako. Lakini jua kwamba kadi ya gari ya Uingereza, ile V5C, inamtaja anayeiweka na kuitumia gari, haithibitishi mmiliki. Jina la mume likiwa pale na la kwako halipo popote, baada ya miaka mitano ni nani atakayekumbuka? Risiti iandikwe majina yenu wawili, kiasi alichotoa kila mmoja, tarehe, namba ya gari na ya chesisi, na isainiwe na muuzaji. Kama sehemu yako ni mkopo kwa mume na si zawadi, hilo liandikwe kwa karatasi nyengine na mashahidi, kama aya ya 282 ya Suratul Baqara inavyoelekeza kwa madeni. Piga picha zote mbili, umtumie mama au kaka yako siku hiyohiyo, kabla hamjaanza kuchagua rangi ya mapazia.