JIKO LA MAGURUDUMU

Wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam siku hizi watafuta kipato cha pili kwa kuuza chakula garini. Mtu hununua gari dogo, lile liitwalo kirikuu, akalifunga jiko la gesi, na jioni akauza chipsi, supu au wali. Hatuna ubishi na jambo hilo. Mshahara haukui kwa upesi wa bei za sokoni, na atafutaye riziki kwa jasho lake astahili heshima.

Lakini yafaa tulitazame jambo hili kwa makini. Gari hutembea, ila ili liuze halina budi kusimama, na penye walaji wengi, kama milango ya viwanda na vituo vya mabasi, mama lishe yupo tangu zamani. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara za jiji hilo, wakaelekezwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Asidhani mtu kuwa magurudumu yatamwepusha na kibali.

Tena iko hesabu. Petroli, gesi, leseni, vipimo vya afya vya wapishi na matengenezo hulipwa hata siku mvua inaponyesha na wali ukalala. Kwa aliyekopa ili anunue gari, wali uliolala ni deni juu ya deni.

Lililo kubwa zaidi ni hili. Mfanyakazi ana mshahara mwisho wa mwezi; mama lishe hana ila sufuria yake. Tukimnyang'anya wateja kwa nguvu ya gari, hatutakuwa tumeongeza mali ya nchi, bali tumeihamisha njaa kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile.

Twashauri njia nyingine. Tangu mwaka 2018 sheria yazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama lishe wakiungana waweza kupika pamoja penye maji safi, na mfanyakazi mwenye gari akakifikisha chakula kusiko na mpishi, faida ikagawanywa kwa mapatano yaliyoandikwa.

Ndugu wafanyakazi, kabla ya kununua gari, shaurianeni kwanza na wale wanaowapikia kila mchana.