Ukinunua nyumba Eldoret, umenunua na mpangaji wake

Tangu Eldoret ikabidhiwe hati ya kuwa jiji la tano la Kenya mnamo Agosti 15, 2024, wimbo wa madalali ni mmoja: nunua sasa, kesho bei si ya leo. Wimbo huo umetufikia hata sisi wa Pwani. Mwenye akiba ya Ghuba au kiinua mgongo huambiwa kwamba Nyali hakushikiki tena, lakini Langas, Huruma au Kapsoya bado atapata nyumba ya vyumba kumi, tena yenye wapangaji tayari. Lipa leo, mwezi ujao uanze kula kodi.

Ni hilo neno "wapangaji tayari" ninalotaka tulitazame, ndugu msomaji. Dalali hulitaja kama faida. Sheria huliona kama wajibu.

Pwani tumezoea nyumba bila ardhi: mtu ana nyumba yake Mombasa, ardhi ni ya mwingine, na kila mwezi anailipia. Ndiyo maana tukionyeshwa hatimiliki safi moyo hutulia mara moja. Lakini hatimiliki haielezi kila kitu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inatambua upangaji usiozidi miaka miwili, na ule wa mwezi kwa mwezi, hata kama haukuandikwa katika daftari la ardhi. Utafanya sachi, itatoka safi, na bado mpangaji atakuwa na haki yake mlemo ndani. Nyumba ikibadilisha mwenyewe, upangaji haufi. Anayelipa kwa mwezi bila muda maalumu ana haki ya notisi ya mwezi mzima.

Kama chini kuna duka au hoteli, mambo ni mazito zaidi. Mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa na sheria yake pekee, Sura ya 301. Huwezi kumpandishia kodi wala kumtoa bila notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi, naye anaweza kuipinga mbele ya mahakama maalumu ya kodi za majengo ya biashara. Anayenunua kwa nia ya kumtoa mwenye duka ili afungue lake ajue hilo kabla hajatoa shilingi.

Sasa tuje kwenye dipoziti, ambako ugomvi mwingi huanzia. Tuseme vyumba ni kumi, kila kimoja shilingi 6,000, na kila mpangaji aliweka dipoziti ya mwezi mmoja. Hizo ni shilingi 60,000 zilizo mfukoni mwa anayeuza. Msipozitaja katika mkataba wa mauzo, yeye ataondoka nazo, na siku mama wa chumba cha tatu atakapohama atakudai wewe. Utamwambia nini? Kwamba hukuzipokea? Hilo si kosa lake. Dipoziti ni amana, na amana hurudi kwa mwenyewe. Dawa ni rahisi: zikatwe katika bei, au muuzaji azikabidhi kwa wakili siku ya kumaliza mauzo.

Kodi yenyewe pia ichunguzwe. Vyumba hivyo kumi ni shilingi 720,000 kwa mwaka, kwa maneno ya muuzaji. Mwambie akuonyeshe taarifa za M-Pesa za mwaka mzima, kisha wewe mwenyewe ongea na wapangaji. Huenda viwili ni vitupu, na cha tatu anakaa shemeji yake bure. Halafu kuna serikali: tangu Januari 2024, KRA huchukua asilimia 7.5 ya kodi yote inayokusanywa, kabla ya kutoa gharama, kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Hapo 54,000 zimekwenda. Na siku ya kununua, ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani. Kwa nyumba ya milioni sita, ni 240,000 juu ya bei.

Hatimiliki nayo isiaminiwe kwa macho. Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali. Mnunuzi alikuwa na hati mkononi, akashindwa, kwa sababu ardhi ilitolewa kimakosa tangu mwanzo. Funzo hilo limetoka kwetu, na Eldoret linafaa vilevile: wakili afuate hati hadi chimbuko lake.

Mswada wa mwaka 2021 uliokusudia kuziunganisha sheria za wenye nyumba na wapangaji haukuwa sheria. Pengo hilo linawaumiza wawili: mnunuzi mgeni anayeona akiba ya miaka ikigeuka kesi, na mpangaji anayepoteza dipoziti kati ya mwenye nyumba wa zamani na wa sasa. Bunge likiendelea kulala, kinga iliyobaki ni karatasi. Kabla ya kulipa, taka orodha ya wapangaji yenye jina, kodi, dipoziti na malimbikizo ya kila mmoja, na muuzaji aitie sahihi. Akikataa, funga mkoba urudi nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari.