Tangi la Samaki Darasani: Mwalimu Asitangulie Kutoa Jibu

Katika vitabu vya ng'ambo huelezwa habari za farasi-bahari kibete, samaki asiyezidi urefu wa sentimita 3, ambaye hufugwa na kuzalishwa nyumbani katika tangi dogo la kioo. Jike hutia mayai katika mfuko ulio tumboni mwa dume, na dume ndiye achukuaye mimba kwa muda wa siku kumi hivi. Mwalimu-mwanafunzi asomapo habari hiyo huona kwamba somo la uzazi wa viumbe lingependeza mno kama kiumbe wa namna hiyo angekuwa darasani mwake.

Shauku hiyo ni njema, ila imeelekezwa mbali. Farasi-bahari kibete ni wa pwani ya Florida na Ghuba ya Meksiko. Huhitaji maji ya chumvi yenye kipimo maalumu, na vikamba hai wachanga kila siku. Tena biashara ya farasi-bahari wa aina zote baina ya nchi na nchi imewekewa masharti ya kimataifa tangu mwaka 2004. Mwalimu wa Katumba Songwe, wilayani Kyela, hana haja ya kumtafuta. Ziwa Nyasa lina aina za samaki zaidi ya 700, idadi isiyofikiwa na ziwa jingine lolote duniani, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote. Sehemu kubwa ya hao ni wa ukoo mmoja na perege, na majike yao hulea mayai kinywani.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba tangi la samaki hao ni zana bora kuliko picha yoyote ya ukutani, lakini kwa sharti moja: mwalimu asitangulie kutoa jibu ambalo samaki mwenyewe yu tayari kulitoa.

Kwa shule ya msingi napendekeza samaki aitwaye kwa jina la kitaalamu Astatotilapia calliptera. Ni mdogo, mvumilivu, na huishi katika maji ya kina kifupi yenye majani, kandokando ya ziwa, mitoni na hata madimbwini. Dume huwa na rangi ya manjano au ya buluu, na kwenye pezi lake la chini, upande wa nyuma, ana madoa ya rangi ya chungwa yafananayo na mayai. Jike hutaga mayai machache machache na kuyakusanya kinywani mara moja. Kisha huyadonoa yale madoa ya dume, na papo hapo dume hutoa mbegu zake, nayo mayai hurutubishwa ndani ya kinywa. Kazi ya madoa hayo ilielezwa na mtaalamu Wolfgang Wickler mwaka 1962. Kwa wiki mbili hadi tatu jike hali chakula, au hula kidogo sana, mpaka vifaranga wapate nguvu ya kuogelea.

Tangi lenyewe si kitu cha gharama kubwa. Lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 huchukua lita 54, na hesabu hiyo wanafunzi waifanye wenyewe kabla ya kutia maji. Tandazeni mchanga uliooshwa, na juu yake vigae vya vyungu vya Wakisi vilivyovunjika, viwe maficho ya majike, maana dume ni mkali. Dume mmoja na majike watatu wanatosha. Maji ya kisima yanafaa. Ya bomba yenye dawa yakae kwanza siku nzima katika ndoo iliyo wazi. Kila wiki ondoeni robo ya maji na kutia mengine. Tangi lisikae juani.

Sasa niseme kosa langu, kwa kuwa kosa la mwalimu nalo ni zana ya kufundishia. Tangi langu la kwanza lilikuwa na samaki sita. Siku ya Ijumaa niliwapa chakula cha siku tatu kwa mara moja, nikidhani nawatendea hisani. Mabaki yalioza, maji yakageuka meupe kama ya kuoshea mchele, na Jumatatu tulikuta watano wameelea. Binti mmoja wa darasa la nne aliniuliza, "Mwalimu, sisi ndio tumewaua?" Nilimjibu kwamba samaki wale walikuwa wazee. Lilikuwa jibu la uongo, na mtoto aliniangalia kwa namna iliyonionyesha kwamba alilijua hivyo. Usiku ule sikuona raha. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikasema kwamba mimi ndiye niliyekosea, kisha nikawauliza: chakula kisicholiwa huenda wapi? Somo la siku ile, juu ya kuoza, bakteria na hewa iliyomo majini, lilikuwa bora kuliko yote niliyokuwa nimeyaandaa. Tangu hapo tuliwapa unga kidogo wa usipa mkavu, kiasi cha kuliwa kwa dakika mbili, na siku moja ya juma hatukuwapa kitu.

Katika tangi la pili jike mmoja alikataa chakula, na kidevu chake kikavimba. Wanafunzi walisema ni mgonjwa. Wengine wakataka atolewe asije akawaambukiza wenzake. Nilijua sababu, nami nilitamani sana kuwaambia. Niliuma ulimi. Niliwaagiza wamchore kila asubuhi na kuandika tarehe. Siku ya tano mmoja wao aliona kwamba jike yule hutafuna ingawa hali chakula. Siku ya kumi na nane jike alifungua kinywa, na vifaranga wakatoka kama moshi. Darasa zima lilipiga kelele, akashtuka, nao wakarudi kinywani upesi. "Anawala watoto wake!" alilia mvulana mmoja. Mwenzake alimshika mkono akamwambia, "Ngoja kwanza." Neno hilo la mtoto lilinithibitishia kwamba somo limefika. Walikaa kimya, na baada ya kitambo wakawaona vifaranga wakitoka tena, wazima.

Zipo hoja za kupinga. Ya kwanza ni kwamba muhtasari ni mrefu na siku kumi na nane ni nyingi. Lakini kumchora samaki huchukua dakika tano za asubuhi, na kazi hiyo hutumika katika Sayansi, Hisabati na Kiswahili kwa pamoja. Ya pili ni kwamba watoto wa ziwani wanawajua samaki tangu utotoni. Kweli wanawajua, ila wavuni, sokoni na chunguni. Aliyemwona samaki akilea ni mmoja kati ya wengi.

Hoja ya tatu ni nzito, nami naikubali: maji yana hatari. Songwe una mamba, na maji yaliyotuama kando ya ziwa yana konokono wabebao vimelea vya kichocho. Kwa hiyo msimtume mwanafunzi kuvua, wala msimpe chandarua afanye wavu. Waombeni wavuvi, na muulizeni afisa uvuvi. Majani ya majini yaoshwe vizuri, na konokono waondolewe na mtu mzima. Hatari hiyo ikishaepukwa, mwalimu aifanye kuwa somo.

Vifaranga wakizidi, wapeni walimu wa shule jirani. Msimwachie majini samaki aliyetoka mahali pengine, hata akiwa wa ziwa hili hili. Katika kisiwa cha Thumbi West, upande wa Malawi, samaki waliohamishwa na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walizaana wakawa wakazi wa kudumu. Kila kipande cha ziwa na kila ziwa dogo la jirani lina samaki wake. Katika ziwa Masoko, lililo katika shimo la volkano wilayani Rungwe, watafiti walieleza mwaka 2015 jinsi samaki wa aina hii hii ninayoipendekeza wanavyogawanyika: wa manjano karibu na ufuko, wa buluu kilindini.

Ndugu walimu-wanafunzi, mtakapopelekwa katika mazoezi ya kufundisha, mtakaguliwa kwa maandalio ya somo na kwa zana zenu. Tengenezeni tangi. Andikeni katika maandalio maswali mtakayouliza, na kando yake majibu ambayo mtajizuia kuyatoa. Na samaki wakifa kwa kosa lenu, waambieni watoto ukweli siku hiyo hiyo, wala msingoje kesho kama nilivyofanya mimi.