Simu inaita Butembo, lakini saa yake ni ya Kinshasa

Shangazi yangu anakaa Musienene. Wiki iliyopita alinipigia simu akilalamika: dawa za presha alizotumiwa na mtoto wake zilikuwa hazijamufikia, na zile za nyumbani zilikuwa zimebaki za siku mbili. Kila alipopiga namba ya ajansi ya usafirishaji, mashini ilimujibu kwa Kifaransa, muziki ukaimba, mayunite yakaisha.

Nikapiga mimi mwenyewe, saa mbili na robo asubuhi. Sauti ikanitajia vitufe saba, kisha ikasema ofisi bado imefungwa. Nikachukua pikipiki. Milango ilikuwa wazi, wafanyakazi watatu wamekaa, simu ya mezani kimya kabisa. Kifurushi cha shangazi kilikuwa nyuma yao tangu siku ine.

Kiongozi wa ofisi alinieleza kwamba mashini ilitengenezwa na fundi wa Kinshasa. Hapo nikaelewa. Sisi wa mashariki tunatangulia Kinshasa kwa saa moja. Kwetu saa mbili, kwao ni saa moja. Kwa hiyo kila asubuhi mashini inafukuza wateja kwa muda wa saa nzima, na jioni inawapeleka kwenye chumba ambamo watu wamekwisha kurudi nyumbani. Ni mustari mumoja tu wa kubadilisha.

Sikatai mashini hizi. Kuna programu kama Asterisk, ambayo ni ya bure, na fundi anayeijua anaweza kuiweka kwenye kompyuta ya kawaida. Lakini wakubwa wengi wanamuachia fundi kila kitu, na fundi hamujui mama wa Musienene. Mukubwa angechukua karatasi kwanza na kuchora njia ya mteja: anapiga, anasikia nini, anafika kwa nani, na huyo asipoinua simu inakwenda wapi?

Lugha kwanza. Inchi yetu ina lugha ine za taifa, na hapa kwetu Kiswahili ndicho kinasikika sokoni. Kifaransa kifuate. Vitufe vitatu vinatosha, kwa sababu mtu anayesikia saba anasahau cha kwanza. Sifuri imupeleke kwa mtu. Simu ikiita sekunde makumi mbili bila jibu, iruke kwenda kwa mufanyakazi mwingine, wala isirudi kwenye muziki.

Halafu kuna mambo ya mayunite, ambayo yananikasirisha zaidi. Mteja anaanza kukatwa pale mashini inapojibu, si pale mtu anaposema alo. Muziki ule anaulipa yeye. Fundi anaweza kuacha simu iite kwanza kwa wafanyakazi, mashini ijibu tu wakikosekana. Na umeme ukikatika, kampuni ya simu inaweza kuelekeza namba kwenye simu ya mukononi ya zamu. Inaombwa mapema, si siku ya giza.

(Redioni kwetu namba ya wasikilizaji inaishia katika mufuko wa mutangazaji mumoja. Akilala, tumelala sote. Nimekwisha kulisema kwenye mukutano.)

Kiongozi yule aliniahidi kwamba saa itarekebishwa siku ya kwanza. Siku hiyo, saa mbili na robo, nilipiga tena. Ofisi bado ilikuwa imefungwa. Nitapiga na kesho.